Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Hisia Asitolewe Shuleni

KIPINDI CHA REDIO KWA WAZAZI WA MANTAPALA
Maandishi ya kipindi, kwa vikundi vya wasikilizaji na kwa yeyote aliyekosa kusikiliza

[MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA TARATIBU.]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wewe baba, mama, bibi, shangazi au kaka mkubwa unayelea mtoto ambaye masomo yameanza kumshinda.

Huenda mwaka jana alikuwa akirudi na daftari lililojaa. Sasa kila asubuhi analalamika tumbo. Akifika darasani anainamisha kichwa juu ya dawati, au anagombana na wenzake kwa neno dogo. Mwalimu amekuita mara mbili. Jirani amesema ni kiburi, mwingine amesema amerogwa. Na mjomba wake aliye kando ya ziwa ametuma habari: "Nileteeni huyo mtoto, hapa atajifunza kuvua."

Kabla hujaamua, keti nasi. Neno letu la leo ni moja: mtoto ambaye hisia zake zinaumwa anahitaji matibabu, na anahitaji shule pia. Shule inaweza kupunguzwa ili imtoshe. Lakini asitolewe.

[MUZIKI MFUPI]

KWANZA: NI UTUKUTU, NI LUGHA, AU NI UGONJWA?

MTANGAZAJI: Sisi tulio hapa Mantapala, wengi tulivuka mpaka kutoka Haut-Katanga na Tanganyika kuanzia mwezi wa nane 2017. Tulipitia Kenani, na kuanzia mwezi wa kwanza 2018 tukaletwa katika makazi haya. Watoto wetu walikuwa wameanza masomo kwa Kifaransa. Hapa wamekuta Kibemba katika madarasa ya chini na Kiingereza katika madarasa ya juu. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuwekwa pamoja na wa miaka minane kwa sababu ya lugha tu. Hiyo peke yake inaweza kumfanya mtoto mwerevu aonekane mjinga, naye akakasirika.

Kwa hiyo usikimbilie kusema ni ugonjwa. Anza na mambo ya karibu. Je, anaona ubao vizuri? Anasikia vizuri? Anakwenda shuleni na njaa? Kuna anayempiga njiani au kumchokoza kwa sababu ni mkimbizi? Kuna mtu mzima anayemfanyia mabaya? Je, alipimwa malaria na upungufu wa damu? Nchelenge ni mahali penye malaria nyingi sana, na mtoto mwenye damu kidogo huchoka, husinzia na kukosa hamu, sawasawa na mtoto mwenye huzuni. Kwa kijana, uliza pia juu ya bangi na kachasu.

Ukiisha kuyatazama hayo, angalia alama za ugonjwa wa hisia. Ziko namna mbili kubwa.

Ya kwanza ni huzuni iliyozidi kipimo. Watu wa Tanzania huiita sonona. Mtoto anakosa furaha karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Michezo aliyoipenda haimvuti tena. Usingizi unaharibika: halali, au analala kupita kiasi. Chakula kinamshinda. Anasahau na hawezi kufuata somo. Anajiona hana maana. Na hapa wazazi wengi hupotea njia: kwa mtoto na kijana, huzuni hii mara nyingi hutoka kama hasira. Halii, bali anapiga teke mlango. Au inatoka mwilini: kichwa, tumbo, kifua, huku vipimo vya kituo cha afya havionyeshi kitu.

Ya pili ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kuna kipindi cha huzuni kama hiyo tuliyoieleza. Halafu kuna kipindi kingine, kwa kawaida siku saba au zaidi, ambapo kijana amepanda mno. Analala saa mbili au tatu tu na hachoki. Anasema haraka, mawazo yanarukaruka. Anajiona mkubwa kuliko wote, anagawa vitu vya nyumbani, anatembea usiku, anatafuta ugomvi au mapenzi bila kujali hatari. Ugonjwa huu ni nadra kwa mtoto mdogo. Mara nyingi hujitokeza katika ujana au baada yake.

Mtoto kukasirika siku moja, au kufurahi sana siku ya sikukuu, si ugonjwa. Ugonjwa hukaa, hubadilisha tabia ya mtoto unayemjua, na huharibu mambo yake nyumbani, shuleni na kwa marafiki.

Unauliza: umetoka wapi? Mara nyingi sababu ni nyingi pamoja. Katika koo nyingine ugonjwa huu hupita toka mzazi hadi mtoto. Vita, kufiwa, kuhama na maisha magumu huongeza mzigo. Hakuna anayeuambukizwa kwa kula sahani moja na mgonjwa. Wala si adhabu kwa mama aliyemzaa.

Wala ugonjwa huu si kitu cha Wazungu. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, waliokaa miaka mingi katika kambi za watu waliokimbia vita, wana majina yao wenyewe ya hali zinazofanana na huzuni hii. Wanasema two tam, wanasema par, wanasema kumu. Wazee wao walizijua kabla daktari yeyote hajazieleza.

[MUZIKI MFUPI]

PILI: DAFTARI LA WIKI MBILI

MTANGAZAJI: Ukifika kwa muuguzi na kusema "mtoto wangu amebadilika," atakuuliza: tangu lini? Analala saa ngapi? Hali hiyo inakuja na kuondoka? Ukiwa huna jibu, utarudi nyumbani na dawa ya kichwa tu. Kwa hiyo fanya kazi hii kwanza, lakini ukiona alama za hatari tutakazotaja mbele, usingoje hata siku moja.

Chukua daftari. Kila jioni andika mambo matano: alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, alikula nini, hisia zake zilikuwa juu, katikati au chini, alikwenda shuleni na akakaa mpaka saa ngapi, na jambo kubwa lililotokea siku hiyo. Kama huandiki, chora kwa mkaa kwenye kipande cha katoni. Mstari unaopanda ni siku ya juu, mstari unaolala ni siku ya kawaida, mstari unaoshuka ni siku ya huzuni. Mtoto mkubwa anaweza kuchora mwenyewe.

Baada ya wiki mbili utaona mambo ambayo jicho la kila siku halioni. Pengine anavunjika kila Jumatatu, siku ya jaribio la hesabu. Pengine ni kila mara baada ya usiku ambao hakulala. Peleka daftari hilo kituo cha afya.

Pale kituoni, omba kusema na muuguzi faraghani. Sema maneno haya: "Mtoto wangu ana shida ya hisia kwa wiki kadhaa, na shule imemshinda. Naomba apimwe mwili na akili." Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo mwaka 2015 kwa ajili ya wahudumu wa kawaida wa afya mahali penye wakimbizi, ili nao waweze kumpima na kumsaidia mtu mwenye ugonjwa wa akili bila kungoja daktari bingwa. Kwa hiyo hujaenda mahali pasipofaa. Ikiwa shida ni kubwa, utaandikiwa barua ya rufaa. Rufaa hupanda ngazi: kuna hospitali ya St. Paul's pale Kashikishi, kuna hospitali kubwa ya Mansa, na mwisho kuna Chainama Hills kule Lusaka, hospitali kuu ya nchi kwa magonjwa ya akili. Barua hiyo ikiwa mkononi, pitia ofisi ya wakimbizi uombe karatasi ya ruhusa ya kusafiri kabla hujatoka katika makazi.

[MUZIKI MFUPI]

TATU: KWA NINI SHULE ISIACHWE

MTANGAZAJI: Sasa turudi kwa yule mjomba wa ziwani. Hana nia mbaya. Anaona mtoto anateseka darasani, naye anajua kazi moja ya kumpa. Lakini tazama kazi yenyewe. Chisense huvuliwa usiku, kwa taa. Kijana atakesha juu ya maji na kulala mchana. Kwa mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka, kukosa usingizi usiku mfululizo ni moja ya mambo yanayoweza kumpandisha. Kwa mwenye huzuni, kukaa mbali na mama, na ndugu, na marafiki wa umri wake, kunaongeza upweke. Na kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka mwisho wa mwezi wa pili uvuvi wa Mweru unafungwa. Hapo atakaa bure, bila ziwa na bila shule.

Shule humpa mtoto saa ya kuamka, njia ya kutembea, watoto wa kucheza nao, na sababu ya kesho. Vitu hivyo ni sehemu ya tiba. Tena, kila siku anayokaa nyumbani kwa kuogopa darasa, woga unakua na kurudi kunakuwa kugumu zaidi. Mtoto aliyekosa wiki moja anahitaji kusindikizwa. Aliyekosa mwaka mmoja anaweza asirudi kamwe, na kwa msichana mwaka huo mara nyingi huisha kwa ndoa au mimba.

Lakini kumsukuma kwa fimbo hakufai. Hapa Zambia, Sheria ya Elimu ya 2011 inakataza kumpiga mwanafunzi shuleni, na Sheria ya Mtoto ya 2022 imekataza adhabu ya viboko hata nyumbani. Mtoto mgonjwa akipigwa anajifunza kitu kimoja tu: kuficha. Na ukisikia mtu anamwita mwendawazimu, jua kwamba Zambia ilifuta sheria yake ya zamani iliyowaita wagonjwa majina ya aibu. Sheria mpya ya Afya ya Akili, ya 2019, inakataza kuwabagua.

Basi njia ya katikati ni ipi? Ni kupatana na mwalimu. Nenda wewe mwenyewe, saa ambayo hafundishi, na daftari lako mkononi. Kama hamwelewani lugha, nenda na mtu mzima anayejua Kibemba na anayetunza siri. Usimfanye mtoto mwenyewe kuwa mkalimani wa ugonjwa wake. Sikiliza mfano huu. Tufanye kwamba mwalimu huyu anajua Kiswahili.

[SAUTI ZA WATOTO WAKICHEZA, MBALI]

MAMA: Mwapoleni mukwai, bwana mwalimu.

MWALIMU: Mwapoleni mukwai, mama. Karibu ukae. Nilitaka kukuona. Kijana wako jana alichana daftari la mwenzake.

MAMA: Nimesikia, mwalimu, na ninaomba radhi kwa huyo mwenzake. Daftari nitalilipa. Lakini nimekuja na jambo lingine. Tulikwenda kituo cha afya. Wamesema ana ugonjwa wa huzuni, ndiyo unaomtia hasira. Ameanza matibabu.

MWALIMU: Mimi nilifikiri ananidharau. Nikimwuliza swali ananyamaza tu.

MAMA: Hata nyumbani ananyamaza. Tazama hapa, nimeandika siku zake. Asubuhi ndiyo mbaya. Saa nne na kuendelea anakuwa mtu.

MWALIMU: Sasa unataka nifanye nini, mama? Nina watoto wengi sana darasani.

MAMA: Ninaomba mambo manne tu. Akae mbele, karibu na wewe. Akionyesha kiganja hivi, umruhusu akae chini ya mti dakika kumi, kisha arudi. Ukitoa hesabu kumi na tano, yeye afanye tano, lakini azimalize. Na ukitaka kumkanya, umkanye pembeni, wenzake wasisikie.

MWALIMU: Hayo naweza. Na wewe?

MAMA: Mimi nitamleta mwenyewe kila asubuhi. Na kila Ijumaa nitapita kukusalimu, nijue wiki ilikwendaje.

[SAUTI ZINAISHA]

MTANGAZAJI: Umesikia? Mama huyu hakuja kugombana, wala hakukana kosa la mtoto. Aliomba mambo machache ambayo mwalimu mwenye darasa lililojaa anaweza kuyafanya bila gharama. Naye akatoa ahadi yake.

Kama mtoto amekwisha kuacha shule, mrudishe kwa ngazi. Wiki ya kwanza, masomo mawili tu kwa siku, kisha nyumbani. Wiki ya pili, mpaka mapumziko. Wiki ya tatu, siku nzima. Akianguka ngazi moja, msianze upya kwa hasira. Rudini ngazi ya chini, siku chache, kisha mpande tena.

[MUZIKI MFUPI]

NNE: MATIBABU, NA KAZI YAKO NYUMBANI

MTANGAZAJI: Tiba ya kwanza kwa mtoto mwenye huzuni ni mazungumzo na msaada, kabla ya vidonge. Mwaka 2005, katika kambi mbili za kaskazini mwa Uganda, vijana 314 wenye umri wa miaka 14 mpaka 17 walishiriki katika uchunguzi. Sehemu yao walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16. Walizungumza juu ya kufiwa, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyogeuka na upweke, wakasaidiana kutafuta njia. Walioongoza vikundi walikuwa watu wa palepale waliofunzwa, si madaktari. Huzuni ilipungua, hasa kwa wasichana. Wavulana hawakupata nafuu iliyo wazi namna hiyo, na hilo linatuonya kwamba mvulana anahitaji kufuatwa kwa subira zaidi. Uliza kituo cha afya, au wahudumu wa ulinzi wa mtoto, kama kuna kikundi cha namna hiyo karibu nawe.

Juu ya vidonge, shika mambo haya. Mtoto aliye chini ya miaka 12 mwenye huzuni hapewi vidonge vya huzuni na mhudumu wa kawaida. Kijana anaweza kupewa kwa uangalizi wa mtaalamu, na wiki za kwanza zinahitaji macho yako, kwa sababu wengine huhangaika zaidi mwanzoni. Mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka anaweza kuhitaji dawa kwa muda mrefu. Moja yao, litiamu, inahitaji kupimwa damu, na inakuwa hatari mwili ukipoteza maji kwa kuhara au jua kali. Nyingine, valproeti, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo msichana asipewe kabla daktari hajaeleza.

Usimpe mtoto wako vidonge vya jirani. Na usikatishe dawa ghafla kwa kuwa ameonekana mzima. Amekuwa mzima kwa sababu anaimeza. Zikikaribia kwisha, rudi kituoni zikiwa zimebaki za wiki moja.

Nyumbani, linda usingizi kama unavyolinda mbegu: saa moja ya kulala, saa moja ya kuamka, hata Jumapili. Mpe kazi ndogo inayoonekana imeisha, kama kuteka ndoo moja au kupalilia mistari miwili ya muhogo. Msifu kwa hiyo. Akipandwa na hasira, punguza sauti yako na maneno yako. Ondoa wadogo zake karibu. Msitatue ugomvi wakati moto unawaka. Ongeeni ukishazimika.

Kama unasali, sali naye. Lakini asifungwe kamba, asinyimwe chakula, asiachishwe dawa kwa jina la maombi wala la mganga.

Na baba, hili si la mama peke yake. Mtoto akiona wazazi wawili wanasema neno moja, anatulia. Kama umebaki peke yako, tafuta mtu mmoja unayemwamini akukalie na mtoto saa mbili kwa wiki, upumzike. Mzazi aliyechoka kabisa hawezi kuzungumza kwa upole.

[KIMYA KIFUPI]

ALAMA ZA HATARI: USINGOJE

MTANGAZAJI: Mtoto akisema "afadhali nife," au "mtapumzika nikiondoka," usimcheke, usimkemee. Akigawa vitu vyake vya thamani na kuaga bila safari, shtuka. Mwulize waziwazi: "Mwanangu, unafikiri kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema.

Kisha fanya mambo matatu. Usimwache peke yake, hata usiku. Ondoa nyumbani dawa ya wadudu ya shamba, kamba, visu na vidonge vyote, vya kwake na vya wengine. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Fanya hivyo pia kwa mtoto asiyelala siku kadhaa na anayejiweka hatarini, anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyekataa kula na kunywa. Kwa homa kali pamoja na kuchanganyikiwa, kimbia mara moja: inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani.

[MUZIKI WA KUFUNGA UNAANZA, CHINI]

MTANGAZAJI: Mzazi mwenzangu, mtoto huyu hajakuchagua wewe umkose. Anaumwa. Watoto wengi wenye ugonjwa wa hisia hupata nafuu, husoma, hukua. Safari ina siku za kurudi nyuma, na siku hizo nazo ziandike katika daftari. Mwambie mjomba wa ziwani: asante, atakuja kukusalimu wakati wa likizo, mchana.

Kwaherini, na tusikilizane tena kipindi kijacho.

[MUZIKI UNAPANDA, UNAISHA]

MASWALI KWA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Katika jamii yetu, mtoto anapokuwa na hasira kila siku, watu husema nini kwanza? Maneno hayo yanamsaidia au yanamficha?
2. Ni mambo gani ya karibu, kama lugha, njaa, macho au malaria, tunapaswa kuyatazama kabla ya kusema ni ugonjwa wa hisia?
3. Mkiwa wawili wawili, igizeni mzazi anayezungumza na mwalimu. Ombeni mambo mnayoona mwalimu wenu anaweza kuyafanya.
4. Nani katika eneo letu anaweza kumsindikiza mzazi asiyejua Kibemba kwenda shuleni au kituo cha afya, na kutunza siri?
5. Kila mmoja ataje mahali atakapohifadhi dawa ya wadudu na vidonge kuanzia leo, mbali na mikono ya watoto.